Jinsi ya Kuisikiliza Sauti Nzito Katika Maji ya Kina Kifupi: Mazoezi ya Ziwa Kivu kwa Anayekwenda Pwani

Kijana mmoja niliyemfundisha fizikia hapa Goma alipata kazi Muanda, kwenye kile kipande kifupi cha pwani ambacho nchi yetu inacho kando ya Bahari ya Atlantiki, na haukupita muda akanitumia ujumbe wa sauti uliojaa malalamiko. Alikuwa ameshusha haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, mahali penye maji ya mita nne, na meli kubwa ikapita mbele ya macho yake. Lakini katika rekodi hakukuwa na mngurumo wa injini hata chembe, ila mchakacho wa mchanga na mapovu ya mawimbi. "Mwalimu, kifaa kimekufa?" aliuliza. Nilimjibu kwamba kifaa huenda ni kizima kabisa, na kwamba maji ya mita nne hayana nafasi ya kuibeba sauti aliyokuwa akiitafuta. Maelezo yafuatayo ndiyo niliyomwandikia, nikayapanua ili yamfae yeyote anayetaka kusikiliza sauti nzito katika maji ya pwani. Nimeyaanzia Ziwa Kivu kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mara nyingi kabla ya kuelewa, na kwa sababu mtu wa Goma au Bukavu anaweza kujizoeza ziwani kabla ya kutafuta nauli ya kwenda baharini.

Kabla ya kununua chochote

Anza kwa kasia. Mvuvi mmoja wa sambaza, yaani samaki wadogo wa Kivu, mzee ambaye mimi humwita Papa kama wanavyomwita watu wote wa gati lake, alinionyesha jambo hili alfajiri moja wakati mitumbwi ilikuwa imekwisha kurudi na taa zimezimwa. Alichovya ubapa wa kasia majini, akausimamisha mpini wima, kisha akaniambia, "Mwalimu, weka sikio hapa." Niliegemeza mfupa wa nyuma ya sikio kwenye mti, nikasikia mngurumo wa boti ambayo kwa macho haikuwa zaidi ya nukta upande wa kisiwa cha Idjwi, na ambayo masikio yangu hewani hayakuisikia kabisa. Fanya hivyo wewe mwenyewe ukiwa ndani ya mtumbwi, kwanza juu ya maji marefu, halafu ukisogea taratibu kuelekea ufukweni. Utagundua kwamba mngurumo haupungui kidogo kidogo tu. Kuna mahali ambapo sehemu yake ya chini, ile besi inayosikika kifuani, hukatika kana kwamba mtu amefunga mlango. Mahali hapo ndipo somo lote lilipo.

Sababu ni hii. Sauti ni mtetemo, na kila mtetemo una urefu wa wimbi, ambao hupatikana kwa kugawanya kasi ya sauti kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja, inayopimwa kwa hezi. Hewani, sauti ya hezi 100 ina wimbi la mita 3.4 hivi. Katika maji ya bahari yenye joto, ambako sauti hukimbia takriban mita 1,540 kwa sekunde, sauti ileile ina wimbi la mita 15.4, na mtetemo wa hezi 20, kama ule unaotolewa na nyangumi mkubwa aina ya fini, una wimbi la mita 77. Sasa jiulize wimbi la mita 77 litakaaje ndani ya maji ya mita nne. Aliyewahi kuona chukudu, yaani baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyobebeshwa mbao ndefu kwa kukingama ikijaribu kuingia kwenye kichochoro cha Birere hapa Goma anajua kwamba nguvu za msukumaji hazisaidii kitu ikiwa mzigo ni mpana kuliko njia.

Tena maji ya kina kifupi si kichochoro chenye kuta mbili zinazofanana. Juu kuna hewa, ambayo kwa sauti ya majini ni kama hakuna kitu: wimbi linapofika pale hurudishwa karibu lote, lakini hurudishwa limegeuzwa, mgandamizo ukiwa mpanuko, na kwa sababu hiyo shinikizo la sauti kwenye uso wa maji huwa karibu na sifuri. Chini kuna sakafu ambayo tabia yake hutegemea imeumbwa kwa nini. Kukiwa na uso unaogeuza wimbi na sakafu ngumu isiyoligeuza, wimbi refu kuliko yote linaloweza kukaa katikati yao na kusafiri mbali ni lile ambalo robo yake inatoshea katika kina cha maji. Chaim Pekeris ndiye aliyeiandika nadharia kamili ya jambo hili, na kuichapisha mwaka 1948, alipokuwa akieleza mlio wa mabomu katika bahari ya kina kifupi. Lakini kwa kazi yetu kikokotoo cha simu kinatosha.

Kukokotoa kikomo

Hesabu unayohitaji ni moja, nayo hufanywa kabla ya kwenda majini, si baada ya kurudi na rekodi tupu. Chukua kasi ya sauti katika maji, uigawanye kwa mara nne ya kina kwa mita. Jibu hilo ndilo masafa ya chini kabisa yanayoweza kusafiri mbali ikiwa sakafu ni ngumu kupita kiasi. Kisha lizidishe kwa kigawo cha sakafu, ambacho nitakieleza hivi punde. Jibu la mwisho nitaliita kikomo.

Kasi usiikisie kwa kukariri namba moja. Hupanda maji yanapopata joto, hupanda chumvi inapoongezeka, na hupanda kidogo sana kwa kina, karibu mita 1.6 kwa sekunde kwa kila mita mia, kiasi ambacho katika maji ya pwani unaweza kukisahau. Bahari ya nyuzi 27 yenye chumvi ya kawaida ya gramu 35 kwa kilo hutoa mita 1,539 kwa sekunde. Maji ya juu ya Ziwa Kivu, yenye nyuzi 24 na chumvi kidogo mno, hutoa karibu 1,495. Watu wa kwanza kuipima kasi hii kwa uangalifu nao walikuwa ziwani: mwaka 1826 Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm waligonga kengele chini ya maji ya Ziwa Geneva na kuwasha baruti juu ya mashua kwa wakati uleule, huku msikilizaji aliye zaidi ya kilomita 13 mbali, akiwa ametumbukiza bomba lenye mdomo mpana, akihesabu sekunde kati ya mwanga na mlio. Walipata mita 1,435 kwa sekunde katika maji ya nyuzi 8, na vipimo vya kisasa vinatofautiana na chao kwa mita chache tu.

Kigawo cha sakafu hutokana na kulinganisha kasi ya sauti majini na kasi yake ndani ya sakafu. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, jibu ulizidishe kwa lenyewe, ulitoe kutoka 1, utafute kipeuo cha pili cha kilichobaki, kisha ugawanye 1 kwa hicho. Mchanga wa bahari ulioshindiliwa hupitisha sauti kwa karibu mita 1,700 kwa sekunde. Ukifuata hatua hizo kwa maji ya 1,540 utapata kigawo cha 2.36. Jiwe la volkano lililo zima, kama lile linalojenga nyumba zetu, hupitisha sauti kwa zaidi ya mita 5,000, na kigawo chake ni 1.04, yaani karibu sawa na sakafu ngumu ya kufikirika.

Rudi sasa Muanda. Kwa mita nne za maji juu ya mchanga, 1,540 gawanya kwa 16 ni 96, na mara 2.36 ni hezi 227. Parapela ya meli ya mizigo inayozunguka mara 100 kwa dakika ikiwa na mabawa manne hupiga maji mara 400 kwa dakika, yaani chini kidogo ya hezi 7, na hata ndugu zake wa juu, karibu 13 na 20 na 27, wako mbali sana chini ya 227. Yule kijana angeweza kununua kifaa cha bei ya gari na bado asisikie mabawa yale. Angesogea hadi kwenye maji ya mita 20, kikomo kingeshuka hadi hezi 45, na angeanza kusikia sehemu kubwa ya injini, ingawa mabawa yenyewe bado yasingefika; ili yafike kwa njia ya maji juu ya mchanga wa namna hiyo angehitaji kina cha zaidi ya mita 100.

Msomaji makini atauliza kama sauti iliyo chini ya kikomo hupotea papo hapo. Haipotei. Karibu na chombo kinachoitoa bado utaisikia, lakini hunyauka kwa haraka isiyo ya kawaida: juu ya sakafu inayohesabiwa kuwa ngumu kabisa, masafa yaliyo mbali chini ya kikomo hupoteza takriban desibeli 13 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) katika kila umbali ulio sawa na kina. Ndani ya maji ya mita nne, basi, mita 40 hula desibeli 130, na hakuna injini itakayobaki baada ya hapo. Kinyume chake, sauti iliyo juu ya kikomo husafiri vizuri kuliko ingekuwa katika maji yasiyo na mpaka, kwa sababu uso na sakafu huizuia kutawanyika juu na chini. Kutoka mita moja hadi kilomita moja, sauti inayotawanyika pande zote hupoteza desibeli 60. Iliyobanwa kabisa kati ya uso na sakafu ingepoteza 30. Na pwani halisi, ambayo sakafu yake huvujisha kidogo, huwa katikati. Kuhusu maji yenyewe kuinyonya sauti nzito, usihangaike nako: kwa hezi 100 unyonywaji huo ni mdogo kuliko sehemu moja ya mia ya desibeli kwa kilomita.

Kuijua sakafu

Watu wengi hupima kina na kuisahau sakafu, nami naona hilo ndilo kosa ghali zaidi. Wafanye kama mabaharia wa zamani wa pwani ya Uswahilini, waliokuwa na bildi, yaani kamba yenye fundo kila pima moja na risasi nzito mwishoni. Chini ya risasi walipaka mafuta mazito ili yanase kitu kutoka sakafuni. Mimi hutumia kamba ya nailoni yenye fundo kila mita, jiwe lililofungwa vizuri, na kipande cha sabuni ya kufulia kilicholainishwa na kubandikwa chini ya jiwe. Ikipanda na chembe za mchanga zinazokwaruza vidole, tumia kigawo cha mchanga. Ikipanda safi, lakini imechubuka, umegonga mwamba. Ufukwe wa Goma una mahali pa namna hiyo, kwani lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kuingia ziwani, na jiwe la pale ni jipya kuliko wanafunzi wangu wengi wa zamani. Kumbuka tu kwamba lava changa imejaa matundu na nyufa, hivyo kasi ndani yake ni ndogo kuliko ya jiwe zima; tena jiwe gumu hupokea sehemu ya sauti na kuigeuza kuwa mtetemo wa kukata, unaotikisa kwa ubavu, jambo ambalo maji hayawezi kulifanya. Kwa hiyo kigawo cha 1.04 ni makadirio ya mwenye matumaini.

Sabuni ikipanda na tope laini linalonuka, hesabu yetu inavunjika. Tope jembamba sana hupitisha sauti polepole kidogo kuliko maji yaliyo juu yake, na tope lenye viputo vya gesi hupunguza kasi hiyo mno, kwa kuwa viputo hubonyea kwa urahisi kama mpira usiojaa upepo. Mahali kama hapo hakuna kikomo safi. Sauti huvuja chini kwa masafa yote mazito, na unachopaswa kufanya ni kuhama. Midomo ya mito, maeneo ya mikoko na kona za ghuba ambako takataka za majani huozea ndiyo makao ya tope hili. Nasikia mara kwa mara watu wakidhani kwamba gesi maarufu ya Kivu, ile methani na kaboni dioksaidi iliyo chini ya ziwa, huharibu rekodi za ufukweni. Gesi hiyo imeyeyuka ndani ya maji ya kina kirefu cha ziwa hili, ambalo hufikia mita 485, nayo haielei kama viputo pale unaposhusha kamba yako ya mita kumi. Inayopaswa kukutia wasiwasi ni mazuku: usiketi na vifaa vyako kwenye shimo au bonde dogo la ufukweni asubuhi isiyo na upepo, maana kaboni dioksaidi hutuama humo bila harufu na imekwisha kuua watu na mifugo.

Kutengeneza haidrofoni inayosikia besi

Kisahani cha piezo, kile cha shaba chenye duara jeupe kinachotolewa kwenye kengele za saa na michezo ya watoto iliyoharibika, kinatosha. Lehemu waya wa maikrofoni wenye wavu: waya wa ndani kwenye duara jeupe, wavu kwenye shaba. Usikawize ncha ya chuma cha moto kwenye duara jeupe zaidi ya sekunde mbili, kwa sababu linapoteza uwezo wake. Kifunike chote kwa gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, kwa tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikikaa usiku mmoja, na uhakikishe gundi imepanda juu ya ganda la waya kwa urefu wa vidole viwili. Nta ya mshumaa nimeijaribu. Hupasuka siku ya tatu na maji huingia bila kukuarifu.

Hapa ndipo nilipopoteza miezi. Nilichomeka kisahani moja kwa moja kwenye simu, nikaenda majini, nikapata mlio mwembamba kama redio isiyo na stesheni, nikalaumu kisahani, nikanunua kingine, nikapata uleule. Kosa lilikuwa la umeme. Kisahani cha kawaida kina uwezo wa kuhifadhi chaji wa nanofaradi 20 hivi, na kikiunganishwa na tundu la maikrofoni la simu lenye ukinzani wa omu 2,200, viwili hivyo kwa pamoja huwa chujio linalokata kila kitu kilicho chini ya hezi 3,600. Nilikuwa nimejitengenezea kifaa kisichoweza kusikia besi hata kama ningekitupa ndani ya ngoma. Dawa yake ni kuweka kati ya kisahani na kinasa sauti sakiti ndogo ya kupokezana yenye ukinzani wa kuingilia wa omu milioni moja au zaidi. Kwa milioni moja chujio hushuka hadi hezi 8. Fundi redio yeyote anaweza kukutengenezea kwa kutumia chipu ya TL072 na betri mbili za volti 9. Mwambie wazi kwamba unataka ukinzani mkubwa wa kuingilia na kwamba hutaki kapasita ndogo njiani, la sivyo atakuwekea mazoea yake ya maikrofoni za kanisani, ambazo hukata besi makusudi.

Rekodi kwa kompyuta au kinasa sauti kinachojitegemea, si kwa simu, kwa sababu simu nyingi husafisha sauti nzito ili maneno yasikike. Na unaposikiliza, vaa visikilizio, viwe vidogo vya kuingiza masikioni au vikubwa. Yule kijana wa Muanda alikiri baadaye kwamba alikuwa akisikiliza kwa spika ya simu, ambayo haitoi hezi 100 hata ukiibembeleza.

Kushusha na kutuliza

Kwa kuwa shinikizo la sauti ni karibu sifuri kwenye uso wa maji, haidrofoni iliyo karibu na uso ni kiziwi kwa besi. Mfano: katika maji ya mita 12 juu ya mwamba, wimbi la chini kabisa lina shinikizo kubwa zaidi sakafuni, na kwenye kina cha nusu mita shinikizo hilo ni pungufu mara 15, sawa na desibeli 24. Shusha hadi karibu na sakafu, ukiacha nusu mita hivi ili isisuguane na chochote.

Usiitundike kwenye mtumbwi. Kila mtumbwi unapoinuka na kushuka, haidrofoni hupanda na kushuka pamoja nao, na mabadiliko ya uzito wa maji juu yake ni makubwa kuliko sauti yoyote unayoitafuta. Kinasa sauti huzidiwa na kukwaruza. Tena kamba iliyokazwa ikipitiwa na mkondo huanza kuvuma kama uzi wa zeze, na mvumo huo huangukia palepale kwenye masafa unayoyapenda. Nilichokipata baada ya kuharibu asubuhi nyingi ni hiki: funga jiwe zito kwenye ncha ya kamba, funga kibuyu kidogo cha plastiki kilichojaa hewa mita moja juu ya jiwe ili kiinue kamba, na katikati yake weka haidrofoni ikining'inia kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Waya ulale sakafuni kwa ulegevu wa mita kadhaa kabla ya kupanda kwenye mtumbwi au kurudi nchi kavu. Ulegevu huo ndio unaokata mitikisiko.

Waarifu wenye gati mapema. Mtu anayetumbukiza waya mweusi majini alfajiri, akiwa na betri na visikilizio, haonekani kama mwalimu wa fizikia, na nimewahi kukaa saa mbili juu ya benchi nikieleza kisahani cha saa ya ukutani kwa walinzi ambao hawakuwa na haraka.

Kuisoma rekodi

Fungua rekodi katika Audacity, programu ya bure, na uiangalie kwa mwonekano wa spektogramu, muda ukienda kushoto kulia na masafa yakipanda juu. Injini huonekana kama mistari ya mlalo, yenye nafasi sawa. Ili kujua mstari upi ni wa parapela, zidisha mizunguko ya parapela kwa sekunde kwa idadi ya mabawa. Injini ya nje ya boti inayozunguka mara 4,500 kwa dakika, ikiwa na gia inayopunguza kwa nusu na parapela ya mabawa matatu, itachora mstari kwenye hezi 112 na nusu. Mwendeshaji akipunguza moto, mistari yote huteremka pamoja kama ngazi inayolazwa.

Mstari ulionyooka kabisa kwenye hezi 50, na wenzake wa 100 na 150, utilie shaka. Huo ni umeme wa jengo au jenereta. Inua haidrofoni kutoka majini: mstari ukibaki vilevile, unatoka kwenye nyaya zako.

Sasa fanya jaribio ambalo kwalo niliacha kubishana na hesabu. Chagua boti ya abiria inayopita kwa ratiba, mbali na ufukwe, yenye mstari wazi katika masafa ya chini. Iliyonifaa mimi ilichora mstari kwenye hezi 75. Siku ya kwanza weka haidrofoni kwenye maji ya mita 12 juu ya lava. Kikomo, 1,495 gawanya kwa 48 na kuzidisha kwa 1.04, ni hezi 32, na mstari wa 75 utaonekana. Siku ya pili, boti ileile, weka kwenye maji ya mita nne, ambako kikomo ni hezi 97. Mstari wa 75 hutoweka au kubaki kama kivuli, ilhali ule wa 150 juu yake unabaki. Boti iko kwenye maji marefu siku zote mbili. Kilichobadilika ni mteremko uliopandwa na sauti ili kukufikia. Inapopanda mteremko, kina hupungua, na pale kina kinapokuwa kidogo mno kwa masafa fulani, masafa hayo huzama ndani ya sakafu na kukuacha.

Utakapofika baharini

Mengi hubaki vilevile, ila bahari ina maji kupwa na kujaa, jambo ambalo watu wa Kivu hatulijui miilini mwetu. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu, maji huweza kushuka zaidi ya mita tatu kwa saa sita. Haidrofoni uliyoiweka penye mita tano za maji, kikomo kikiwa hezi 182, itajikuta na mita mbili na kikomo cha 454. Rekodi moja ya asubuhi nzima itaonyesha besi ikipunguzwa na kurudishwa bila meli yoyote kuhusika. Andika saa, na upime kina upya kila nusu saa.

Muanda ina yake pia. Mto Kongo humwaga maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ambayo huelea juu ya maji ya bahari, na sauti ni ya polepole zaidi ndani ya tabaka hilo la juu. Sauti nyembamba hupindishwa nalo. Sauti nzito, ambayo wimbi lake ni refu mara nyingi kuliko unene wa tabaka, hupita kana kwamba halipo. Kitu kisichoweza kupuuzwa ni korongo la chini ya bahari linaloanzia ndani ya mlango wa mto wenyewe: kilomita chache tu zinaweza kukutoa kwenye mita chache za maji na kukuweka juu ya mamia ya mita. Nilimshauri kijana akodishe mtumbwi kuelekea upande huo, si kando ya ufukwe.

Jambo moja zaidi, kwa atakayekuwa na bahati ya kurekodi mshindo wa ghafla kutoka mbali. Usishangae ukisikia besi ikitangulia. Mchanga hupitisha sauti haraka kuliko maji, na kwa umbali wa kilomita tatu mtetemo uliopitia sakafuni kwa mita 1,700 kwa sekunde hufika baada ya sekunde 1.76, wakati uliopitia majini huhitaji 1.95. Katika spektogramu utaona alama hafifu chini, kisha mlio mkali wa masafa ya juu, halafu mkia mrefu wa masafa yaliyo karibu na kikomo, ambao huburuta nyuma ya vyote. Ukiupima mkia huo, na kina unakijua, unaweza kurudi nyuma katika hesabu na kupata kasi ya sakafu bila kutumia sabuni.

Kijana alinitumia rekodi mpya baada ya wiki tatu, kutoka kwenye maji ya mita 31. Kikomo chake kilikuwa hezi 29. Mistari ya injini ilikuwapo, ikianzia 34, na chini ya hapo palikuwa peusi.